Jeevanjee: Kontrakta aliyejenga Nairobi, akanyimwa shamba

Ukitoka Mombasa kuelekea Malindi, kilomita kama 100 hivi, utafika Gede. Shuka stejini, pinda upande wa Watamu, tembea kidogo utaona lango la magofu. Lipa, ingia. Ndani ya msitu kuna mji mzima wa mawe: msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, vyoo, na nyumba za watu waliokuwa na pesa zao miaka 600 iliyopita. Kuna kaburi moja lenye tarehe ya mwaka wa Kiislamu 802, ambao kwa hesabu ya Kizungu ni 1399. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya turathi za dunia.

Sasa angalia majina ya nyumba. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Sarafu za Kichina. Majina hayo hayakutoka kwa wenyeji wa mji. Yalitokana na vitu alivyovifukua James Kirkman na vibarua wake walipoanza kuchimba hapo 1948. Mkasi umeonekana hapa, taa pale, basi nyumba ikabatizwa. Na aliyeijenga je? Mwashi aliyepima upana wa chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko, aliyechoma matumbawe apate chokaa, jina lake halipo popote.

Nakwambia haya kwa sababu huku kwetu karibu kila kijana ni wa mjengo. Kama si wewe, ni kaka yako. Wapo walioko timboni wakikata mawe juani, wapo wa kubeba maji na kukoroga simiti, wapo wa kuezeka makuti kwenye nyumba za wageni kule Watamu. Nyumba inaisha, inapendeza, inapigwa picha. Jina la fundi halimo.

Ndo maana leo nataka nikupe maisha ya mtu mmoja wa mjengo ambaye jina lake lilibaki. Alitua Mombasa akitoka ng'ambo, akafungua kampuni ya familia, akajenga nusu ya mambo unayoyasoma kwenye historia ya Kenya. Anaitwa Alibhai Mulla Jeevanjee. Kama umewahi kukanyaga katikati ya jiji la Nairobi, jina unalijua. Huenda umeshalala kwenye nyasi zake ukingojea matatu ya jioni.

Kabla hatujaenda mbali: usimchanganye na kina Karimjee Jivanjee wa Unguja. Wale ni ukoo mwingine, na hadithi yao ni nyingine kabisa.

Kijana asiye na cheti

Mimi chuo nilikiachia njiani, kwa hivyo habari za mtu aliyetoka bila cheti mimi huzisoma mara mbili. Jeevanjee alizaliwa 1856 Karachi, mji wa bandari ambao leo uko Pakistan lakini wakati huo ulikuwa sehemu ya India ya Mwingereza. Kwao walikuwa Bohora, jamaa wa Kiislamu wanaojulikana kwa biashara, ila nyumba yao haikuwa ya matajiri. Masomo yake yalikuwa ya madrasa, na hata hayo hayakwenda mbali. Kiingereza alikiokota njiani.

Akiwa bado kijana alitoka nyumbani akazunguka India akichuuza. Leo tungemwita hasla. Alinunua hapa, akauza kule, akajua watu. Mwaka wa 1886 akavuka bahari mpaka Adelaide, Australia, akauza bidhaa za Mashariki kwa Wazungu wa huko. Fikiria kijana wa Karachi, bila digrii, bila mjomba serikalini, anafungua biashara Australia miaka ya 1880.

Huko Adelaide alijifunza jambo moja ambalo baadaye lilimtajirisha na pia likamletea matatizo. Aliwajua Wazungu kwa karibu. Alijua wanavyopenda mkataba uandikwe, wanavyolipa, na wanavyofikiri. Akawa hawaogopi.

Mwaka wa 1890, akiwa na miaka 34, akafika Mombasa.

Tenda ya reli

Mombasa ya 1890 ilikuwa na wenyewe wengi. Pwani ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, lakini kampuni ya Waingereza iliyopewa kibali cha malkia 1888 ndiyo iliyokuwa inaendesha mambo. Kampuni hiyo ilikuwa na bendera, na bunduki, na deni. Kitu haikuwa nacho ni mtu wa kuiletea mizigo, mafundi na vibarua kwa wakati. Jeevanjee akafungua tawi la A. M. Jeevanjee & Co. akaichukua kazi hiyo.

Mwaka wa 1895 kampuni ilishindwa, serikali ya Uingereza ikachukua nchi yenyewe na kuamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Zaidi ya kilomita 900. Sasa watu wa kuijenga watoke wapi? Wenyeji wa pwani walikuwa na mashamba yao. Wagiriama walikuwa wakilima mahindi na kuyauza, na hawakuona faida ya kuacha shamba lako linalokulipa uende kubebea Mzungu chuma porini. Waingereza nao walikuwa wameshajenga reli nyingi India, wakajua ni nani wa kumwita.

Tenda ya kuwaleta watu ikamwangukia Jeevanjee. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 350 hivi. Kufikia reli inamalizika, Wahindi walioletwa kwa mkataba walikuwa wamepita 30,000. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, mshahara rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho ya chakula.

Hebu tulia hapa uone akili ya huyu jamaa. Kontrakta wa kawaida angeleta watu, apokee pesa zake, aende. Yeye alijiuliza: hawa watu 350 watakula nini kesho? Akachukua na tenda ya chakula. Reli inapita kwenye mwamba. Nani atavunja mawe? Akachukua kazi ya kukata miamba na kuchimba udongo. Stesheni zitajengwa na nani, na maafisa watalala wapi? Akachukua uashi na nyumba. Mizigo inatoka India kwa meli za watu wengine, kwa nini? Akaingia kwenye biashara ya meli. Yaani kila senti serikali iliyotoa, ilikutana na mkono wa Jeevanjee mahali fulani.

Wewe wa timboni unaielewa hii kuliko mwanafunzi wa biashara. Jiwe ukilikata wewe linauzwa bei ya chini. Mwenye lori akilifikisha barabarani bei inapanda. Mwenye tenda ya kujenga akilipanga ukutani ndo anayekula vizuri. Jeevanjee alikataa kubaki kwenye hatua moja.

Na kampuni ilikuwa ya familia. Jina la biashara ndilo jina la ukoo, na ndani ya kazi mlikuwa na ndugu na jamaa, Karachi huku na Mombasa kule. Barua ya Bombay ilichukua majuma kufika. Bila mtu unayemwamini upande wa pili, ungeliwa mchana kweupe.

Waliolipa bei

Lakini usinunue hadithi ya mafanikio bila kuangalia upande wa nyuma. Reli ilianza kutandikwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Katika kazi hiyo walikufa Wahindi karibu 2,500. Ukigawa kwa urefu wa njia, ni zaidi ya wawili kwa kila kilomita. Malaria, kuhara, ajali, vidonda vya funza. Wale simba wa Tsavo wa 1898 ndio wanaotengenezewa filamu, ila simba walikula wachache tu. Waliouliwa na magonjwa ndio wengi, na hakuna aliyewatengenezea filamu.

Mkataba wa miaka mitatu maana yake hukuweza kusema kesho siji. Jeevanjee hakuwa yule aliyeshika kiboko, na baadaye serikali yenyewe ilijisimamia sehemu kubwa ya kuajiri. Hata hivyo utajiri wake ulisimama juu ya migongo hiyo. Hilo liandike pembeni, tutalirudia.

Mkataba ulipoisha, wengi walirudi India. Karibu 7,000 wakabaki. Hao ndio wazee wa wengi unaowaona leo na maduka ya vifaa vya ujenzi kutoka Mombasa mpaka Kisumu.

Nairobi ya mabati

Nairobi ya 1899 haikuwa mji. Ilikuwa kinamasi ambapo reli ilipumzika kabla ya kupanda milima. Mahema, vibanda vya mabati, tope. Wahindi walijazana kwenye soko moja bila mitaro, na tauni ilipoingia 1902 daktari wa serikali aliamua soko lichomwe moto. Likachomwa.

Watu wengi waliangalia majivu wakaona hasara. Jeevanjee aliona viwanja. Alinunua ardhi katikati ya mji, akajenga maduka, maofisi na nyumba. Alijenga soko lililoitwa kwa jina lake. Maafisa wa serikali walipohitaji mahali pa kulala na pa kufanyia kazi, alijenga na kuwapangisha. Makao makuu ya serikali yalipohama kutoka Mombasa kwenda Nairobi 1905, kuna mtumishi wa mfalme aliyekuwa akiamka asubuhi kwenye nyumba ya Jeevanjee, akipita mbele ya maduka ya Jeevanjee, akienda kazini kutawala watu kina Jeevanjee.

Hata gazeti alikuwa nalo. Mwaka wa 1902 alianzisha African Standard hapo Mombasa, likiandikwa kwa Kiingereza na mhariri Mwingereza aliyemwajiri yeye. Aliliuza 1905. Walionunua walikuwa Wazungu, na gazeti likageuka kuwa sauti ya masetla, likimpiga kila wiki mtu yule yule aliyelizaa. Gazeti hilo lingalipo. Ni The Standard unayoiona kwa muuza magazeti.

Jenga, lakini usimiliki

Sasa tufike penyewe. Hapa ndipo ninapotaka uketi vizuri.

Kuanzia 1902 hivi serikali ilikuwa ikiwaita Wazungu kutoka Uingereza na Afrika Kusini waje wachukue ardhi ya milimani, ile baridi, yenye rutuba, iliyokuwa na wenyewe Waafrika. Wakaja. Na mara tu walipokaa wakadai kwamba Mhindi asipewe ardhi huko. Mwaka wa 1908 waziri wa makoloni kule London, Lord Elgin, akakubali iwe hivyo. Sheria haikusema wazi kwamba Mhindi ni marufuku. Ilisemwa tu kwamba si desturi kumpa. Unajua ile lugha ya ofisini ambayo inakukataa bila kutamka neno hapana? Ndiyo hiyo.

Piga picha. Jeevanjee ameleta watu wa reli. Amevunja mwamba ili treni ipande mpaka kwenye hiyo milima. Amejenga nyumba anazolala wanaogawa hayo mashamba. Lakini akitaka kununua ekari hapo juu, hapewi. Mtu aliyeshuka meli juzi, ambaye hajui mahindi hupandwa mwezi gani, anapewa maelfu ya ekari kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya rangi yake.

Wengine wangenyamaza walinde tenda. Yeye hakunyamaza. Alishakuwa ameungana na wafanyabiashara wenzake, Alidina Visram akiwemo, kuunda chama cha Wahindi cha Mombasa mwaka wa 1900. Mwaka wa 1909 serikali ikamteua kwenye Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Pengine walidhani kiti kitamtuliza. Mwaka uliofuata akapanda meli mpaka London, akaongea na waandishi wa magazeti, akaeleza waziwazi jinsi Wahindi wanavyobaguliwa kwenye nchi waliyoijenga. Masetla wakapandwa na wazimu.

Alisema pia jambo ambalo leo linatuuma kulisikia. Alipendekeza nchi hii iunganishwe na India, iwe kama mkoa wake. Kwake ilikuwa hoja ya haki: sisi tumejenga, sisi wengi kuliko Wazungu, kwa nini wao ndio watawale? Kwenye hesabu hiyo Mwafrika hakuwemo. Mtu aliyekuwa akiona vizuri dhuluma aliyofanyiwa yeye, hakuiona ile iliyokuwa imekaa kando yake.

Na huku kwetu je?

Wakati Jeevanjee anapigania mashamba ya milimani, huku kati ya Kilifi na Malindi nyumba ilikuwa na habari nyingine. Serikali ilikuwa inatoza kodi ya nyumba. Si nyumba ya kupangisha, la; kibanda chako mwenyewe ulichojenga kwa mikono yako, udongo wako na makuti yako. Una nyumba tatu kwa sababu una wake watatu au mama mzee? Lipia zote. Huna pesa? Nenda ukafanye kibarua kwa Mzungu uzipate. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kodi yenyewe.

Ongeza sheria ya hati za ardhi za pwani ya 1908. Ilisema kila mwenye madai aje ayaandikishe. Waliojua ofisi, waliojua kusoma, waliokuwa na karatasi, wakaandikisha. Wamijikenda wengi waliolima ardhi kwa desturi ya ukoo hawakuhesabiwa kuwa wenyewe, na ardhi isiyokuwa na karatasi ikawa ya serikali. Ukisikia leo neno skwota likitajwa Kilifi, Malindi na Magarini, moja ya mizizi yake ni hiyo.

Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza akawakusanya Wagiriama wakaapa kutotoa vibarua wala kutii. Akakamatwa, akapelekwa mbali magharibi ya nchi, akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwezi Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti, na Wagiriama wakalazimishwa kuhama ng'ambo ya Mto Sabaki. Mwaka huo huo wa 1914, Mombasa, Wahindi wa Afrika Mashariki waliunda kongresi yao, na ukoo wa Jeevanjee ulikuwa mbele.

Watu wawili, pwani moja, adui mmoja. Mmoja anapigana na karatasi na hotuba, mwingine na kiapo. Na hawakukutana. Wakati mwingine nikiwaza, nadhani hasara kubwa ya miaka ile ni hiyo.

Bustani ya ekari tano

Katikati ya vurugu zote hizo Jeevanjee alifanya kitu kimoja kidogo, na hicho ndicho kilichobaki.

Mwaka wa 1906 alitenga kipande cha ardhi yake katikati ya Nairobi, ekari kama tano, akakitengeneza kuwa bustani, akawapa watu wa mji. Akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mtoto wa malkia mwenyewe, Duke wa Connaught, alipozuru nchi mwaka huo. Ndiyo, sanamu ya malkia. Alikuwa mtu wa wakati wake: anaipinga serikali ya koloni huku anamheshimu malkia, kama wanaopiga kelele dhidi ya chifu lakini wana picha ya rais sebuleni.

Miaka iliyofuata haikumtendea vizuri. Mwaka wa 1923 London ilitoa waraka maarufu uliosema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, maneno matamu, lakini ardhi ya milimani ikabaki ya Wazungu. Jeevanjee alikuwa ametumia miaka na mali kupigania jambo ambalo lilifungwa kwa mstari mmoja. Biashara nazo ziliyumba. Tenda za serikali haziendi kwa mtu anayeisema serikali. Alipofariki Nairobi 1936, akiwa na miaka 80, ule utajiri wa zamani ulikuwa umepungua sana. Maduka na nyumba vilikwisha kwenda kwa watu wengine. Soko la jina lake halipo tena. Nyumba za maafisa hazipo.

Bustani ikabaki.

Mjukuu aliyesimama

Ruka mpaka 1991. Kenya ya chama kimoja, serikali haiulizwi. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alikuwa amepambana kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Sasa zamu ikafika bustani ya Jeevanjee: kukawa na mpango wa kuichukua ijengwe majengo ya biashara na maegesho ya magari. Ekari tano katikati ya jiji, kila mwenye tamaa alikuwa anazimezea mate.

Mtu aliyesimama alikuwa mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel. Hakuwa na cheo. Alikuwa na jina la babu yake na ukweli mmoja mdogo: bustani ile ilitolewa kwa watu wa Nairobi, haikuwa ya ofisi yoyote kuigawa. Alipiga kelele, akakusanya saini, akaandika, watu wa mjini wakaungana naye. Mpango ukafa. Baadaye, 1997, alichapisha kitabu cha maisha ya babu yake, na ndicho kilichomtoa mzee kwenye usahaulifu.

Tazama bustani yenyewe leo. Wanaokula chakula cha mchana humo ni makarani, vibarua, wahubiri, wachuuzi na wasio na kazi. Humo ndimo Bunge la Mwananchi, kundi la raia wa kawaida, lilikuwa likikutana kubishana siasa bila kuomba ruhusa ya mtu. Malkia wake aliangushwa na watu wasiojulikana 2015. Mhindi aliyetaka nchi iwe mkoa wa India ameachia kivuli ambacho wengi wanaokitumia ni Waafrika aliowasahau kwenye hoja zake.

Sasa wewe

Ukinisoma mpaka hapa unaweza kuuliza, haya, mimi wa Gede ama wa Kisauni yananihusu nini?

Yanakuhusu mara mbili. Kwanza kwenye kazi. Kama uko kwenye mjengo, usikae hatua moja milele. Jua bei ya jiwe likiwa timboni, jua bei yake likifika barabarani, jua nani anashika tenda na aliipataje. Ungana na ndugu na marafiki unaowaamini, muandikishe jina, mfungue akaunti. Na mkishapata, angalieni mgongo unaowabeba. Kibarua wenu alipwe Jumamosi kabla hamjalipana nyinyi. Jeevanjee ana bustani. Wale 2,500 waliokufa kando ya reli hata jiwe la ukumbusho kila mmoja hana.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, kwenye ardhi. Bustani ya Jeevanjee haikuokolewa na mapenzi ya watu peke yake. Iliokolewa kwa sababu ilijulikana ilitolewa na nani, lini, na kwa ajili ya nani, na kulikuwa na mtu wa ukoo aliyekuwa tayari kusimama na kusema. Ardhi ya wazee wetu ilikwenda 1908 kwa kukosa hayo hayo. Si kwamba hawakuwa wenyewe. Hawakuwa na karatasi mbele ya watu waliojali karatasi tu.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda nyumbani, mkalie mzee. Muulize mpaka unapita wapi, mwembe gani, mnazi gani. Muulize shamba liko kwa jina la nani, la marehemu babu ama la hakuna mtu. Kama kuna hati, ijue ilipo, uipige picha na uitunze. Kama hakuna, anzeni safari ya ofisi ya ardhi mkiwa pamoja kama familia, kabla hajatokea mgeni na suti na ramani. Andika mazungumzo, rekodi sauti kwa simu. Wazee hawangoji.

Na siku mkijenga nyumba hapo, hata ya vyumba viwili, mwambie fundi aandike jina lake na mwaka kwenye simiti ya kizingiti kabla haijakauka. Ni kazi ya dakika moja, na ina maana zaidi ya kuitwa Nyumba ya Mkasi.